Mwendo wa Kucha

Juzi jioni binti yangu alikuwa amekaa karibu na jiko akijikata kucha, miguu ameinyoosha kama mtu asiye na vyombo vya kuosha. Kipande kimoja kikaruka, kikatua juu ya makaa. Kikajikunja, kikatoa moshi mwembamba, na harufu yake ikanikuta nilipokuwa nachagua maharagwe. Nikamwambia atoke hapo na kucha zake. Akaniangalia. "Si ni kucha tu, Mum." Nikamwambia najua ni kucha. Kisha nikaenda kusimama mlangoni, nikijifanya naangalia kama mvua inakuja, na upande wa mlima hakukuwa na wingu hata moja.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Watu hunicheka kwa hilo na wana haki yao. Nilizaliwa hapa Kamukuywa, nikasoma hapa, nikamaliza kidato cha nne na cheti ambacho alama yake ya kujivunia ni ya Jiografia, somo la kuijua dunia, halafu nikarudi zangu kukaa. Hata kuolewa niliolewa ng'ambo tu ya shamba la baba, wageni wa harusi wakaja kwa miguu. Wenzangu wako Nairobi, wengine Qatar. Mimi nikifika Webuye naanza kutafuta kiti. Lakini kuna jambo moja kuhusu dunia nililolijua kabla yao wote. Nililijua vibaya, lakini nililijua.

Mwalimu wetu wa darasa la sita aliitwa Khaemba. Sisi tulimwita Kokoto, si mbele yake, kwa sababu ya mapenzi yake na mawe. Walimu wengine walikuwa na fimbo pembeni mwa darasa; yeye alikuwa na mawe, yamepangwa juu ya mbao, kila moja na kikaratasi chake. Alikuwa akiokota jiwe njiani analipulizia vumbi, kisha analilamba. Kabisa, kwa ulimi, mbele ya watoto. Alisema jiwe likilowa linaonyesha rangi yake ya kweli. Nyinyi wa rika langu mnajua jinsi jambo kama hilo linavyoweza kulisha darasa zima kicheko kwa muhula mzima.

Alituagiza kila mtu alete jiwe kutoka kwao. Wekesa, jirani yangu wa dawati na adui yangu wa kudumu, alileta kipande cha tofali. Mwalimu akakiinua juu.

"Hili limezaliwa na nani, Wekesa?"

"Na mlima, Mwalimu."

"Hili limezaliwa na babu yako na maji ya mto. Rudisha kwa ukuta kabla nyumba haijaanguka."

Mimi nilipeleka jiwe la kusugulia miguu. Lilikuwa jeusi, jepesi, lina vitundu kama mkate wa sinia, na lilikuwa la mama. Alikuwa ameliacha bafuni, juu ya bati. Mwalimu aliligeuza mkononi kwa muda mrefu. "Hili lilikuwa moto," akasema. "Mlima wetu ule mnaouona umenyamaza, zamani sana ulitema moto, na haya ndiyo mate yake. Hivi vitundu ni pumzi." Akaandika jina langu, Nafula, kwenye kikaratasi, na jiwe la mama likakaa mbele ya mawe yote.

Mama alikuwa Kitale. Jioni moja kulikuwa na kelele nyumbani, na asubuhi yake sufuria kubwa ya ugali ilikuwa imebonyea upande mmoja, na haikuwa imeanguka. Mama alifunga leso, akasuka nywele zangu mapema kuliko kawaida, akavuta sana. Baadaye nikasikia amepata kazi kwa Kalasinga mmoja, Mhindi wa kilemba, mwenye duka la vitambaa, anapika na kufagia kule nyuma. Hakuna aliyeniambia kwamba hatarudi. Hakuna aliyeniambia kwamba atarudi. Kukhu, mama yake baba, ndiye aliyebaki akitulea, na kila nilipouliza alijibu neno lile lile: "Yuko Kitare." Kukhu alikuwa Mbukusu wa kweli, l na r kwake zilikuwa kama mapacha, yeyote atakayekuja kwanza ndiye anayepewa uji.

Sasa, kutoka kwetu hadi Kitale ni barabara moja. Hata baiskeli inafika kabla githeri haijaiva. Lakini mtoto hapimi kwa barabara. Redioni kila jioni walikuwa wakisema Mkoa wa Magharibi, huku kwetu, na Mkoa wa Bonde la Ufa, kule kwingine, na wakitaja Bonde la Ufa sauti za wazee zilishuka, wakasogea karibu na redio. Kwangu ufa ulikuwa ni ule ukutani mwa chumba cha Kukhu, uliokuwa ukipitisha baridi. Sikuwahi kuuliza kwa nini nchi ipewe jina la kitu kama hicho.

Ndipo siku moja Mwalimu Khaemba akaja na sabuni ya kipande. Aliikata kwa uzi mara mbili, mshazari, ikawa vipande vitatu, akavishika pamoja hewani tukaona kama ni sabuni nzima. "Hii ni nchi yetu," akasema. Kisha akaanza kuvuta mikono yake, polepole, huku na huku. Kile kipande cha katikati kikateleza chini.

"Mmeona? Hakuna aliyekisukuma. Nchi inavutwa pande mbili, ya katikati inashuka. Hilo ndilo Bonde la Ufa. Na bado inavutwa, hata sasa mkinitazama."

"Mwalimu, na mtu akiwa amesimama katikati?" Huyo ni Wekesa.

"Ataoga."

Darasa likacheka. Mwalimu akangoja, akainua kidole gumba. "Haiendi mbio. Inaenda kama ukucha unavyoota. Unaona ukucha wako ukiota? Huuoni. Lakini ukikaa, unakuta umekuwa mrefu. Nchi ndivyo inavyoachana."

Kengele ikalia. Watoto wakaanza kutoka, na mimi nikaenda mbele, jambo ambalo sikuwa nalifanya.

"Mwalimu, Kitale iko kipande gani?"

Alikuwa anafuta sabuni mikononi kwa kitambaa, macho yake yako kwa darasa la pili lililokuwa likimngoja. "Kitale? Kitale ni Bonde la Ufa."

Wala hakudanganya. Ramani ilikuwa ukutani, mikoa imepakwa rangi. Kitale ilikuwa na rangi yake, sisi yetu, na katikati kulikuwa na mstari mweusi uliopita karibu kabisa na soko letu. Nilisimama nikiuangalia ule mstari. Mambo yote yakajipanga. Mama hakuwa ameniacha. Nchi ilikuwa inampeleka.

Hamwezi kuamini jinsi nilivyofurahi. Nilikimbia nyumbani nikiwa na siri nzuri kuliko mandazi.

Kukhu alikuwa akitukata kucha kila Jumapili kabla ya kanisa, kwa wembe, akishika kidole kama anayemenya viazi. Kucha zikikatwa hazitupwi ovyo kwetu. Unazikusanya zote, unazitupa chooni, usije mtu mbaya akaziokota akakutengenezea mambo. Kazi ya kutupa ilikuwa yangu. Kuanzia Jumapili iliyofuata sikutupa. Nilizifunga kwa jani, nikazificha ndani ya mkebe wa majani ya chai chini ya kitanda, na Kukhu asipokuwepo nilizipanga kwenye ubao wa dirisha, moja ikishika mkia wa nyingine. Huo ndio ulikuwa umbali aliokwenda mama. Nilipopima mara ya kwanza haukufika hata urefu wa penseli. Nilicheka peke yangu. Mama alikuwa bado hapa tu. Angeweza kuruka.

Hapo ndipo haraka iliponiingia. Ufa mwembamba unarukwa, ufa mpana haurukwi. Palikuwa na mama mmoja jirani aliyekuwa akipeleka ndizi Kitale, mnene, mcheshi, na alikuwa akimwona mama kwa sababu Kalasinga yule alipenda ndizi za kupika. Nilimvizia njiani.

"Mwambie mama aruke sasa."

"Aruke nini, mtoto?"

"Yeye mwambie tu aruke sasa, baadaye hataweza tena."

Akanitazama, akaweka mkungu wake chini, akanifuta makamasi kwa leso yake. "Nitamwambia," akasema. Ninyi mnaocheka, chekeni. Mimi nililala usingizi mzuri sana usiku ule.

Nilikuwa nikingoja jibu wakati Kukhu alipopata mkebe. Alikuwa anafagia chini ya kitanda, akaupiga na ufagio, ukalia kama una kitu. Alidhani ni sukari niliyomwibia. Akaufungua na uso wa mtu aliyeshika mwizi, halafu ule uso ukaondoka.

"Nani anaweka kitu hii kwa nyumba yangu?"

"Ni mimi, Kukhu. Ni za shule."

"Shure gani inasomesha kucha?"

"Ni zetu tu. Napima nazo."

"Unapima nini?"

Sikujua kuficha. Nilikuwa nimepewa elimu na nikataka kuitoa. "Napima mama."

Kukhu alikaa kitandani. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Alimwita baba kutoka kibandani kwake alikokuwa akitengeneza baiskeli za watu, naye akaja na mikono ina grisi, akauchungulia ule mkebe bila kuushika. Kucha za mtoto, za mama mkwe na za baba mwenyewe, maana Kukhu alikuwa akimkata na yeye, zimefungwa kwa majani ndani ya nyumba ambayo mwanamke ameondoka kwa hasira. Hakuna Mbukusu anayehitaji kuelezwa hapo.

"Alikufundisha lini?" baba akaniuliza.

"Nani?"

"Mama yako."

"Hakunifundisha. Ni Mwalimu, na sabuni."

Baba akamgeukia Kukhu. "Unaona? Amefundishwa mpaka kukataa."

Jioni hiyo waliita watu wa maombi. Walikuja na kanzu zao nyeupe na ngoma, wakaimba, wakazunguka nyumba, wakatoa nje kila kitu cha mama kilichobaki: leso moja, kiatu kimoja ambacho mwenzake hakuonekana, kitana kilichokuwa bado na nywele zake. Wakaviweka juu ya kuni na ule mkebe katikati. Baba mdogo ndiye aliyemwaga mafuta ya taa. Majirani walisimama nje ya ua, watoto mabegani. Na ile harufu, kwanza ya leso, halafu ya nywele, halafu ikaja ya kucha, nzito, kama pembe ya ng'ombe kwa fundi. Nilikuwa nimeshikwa mkono na mama mmoja wa maombi, ananiambia nisiangalie, na mimi nikiwaza jambo moja tu: kwamba sasa sina tena kipimo, na sitajua mama amefika wapi.

Baba mdogo akasema kwa sauti ya watu kusikia, "Akikanyaga hapa tena, moto ni huu huu."

Kitu kimoja tu cha mama hakikuungua, kwa sababu kilikuwa shuleni juu ya mbao. Na hata wangekipata, kilishawahi kuungua.

Shuleni habari ilifika kabla yangu. Wekesa alisogeza dawati. "Usinipime, bana," akasema, akaficha vidole vyake kwapani, na wengine wote wakaficha vyao. Siku nzima watoto walitembea mbele yangu wamefumba ngumi. Mwalimu Khaemba akauliza ni mchezo gani huo. Akaelezwa, kwa furaha, na watu wengi kwa pamoja. Aliniita nje, chini ya dirisha, nikamwambia yote mwanzo hadi mwisho, mstari wa ramani, penseli, kuruka. Nilitegemea anisifu kwa kupima. Alikaa akishika chaki mpaka ikavunjika.

Alikuja kwetu jioni ile ile, na sabuni mpya mfukoni. Kukhu akamtolea kiti, baba akabaki amesimama. Mwalimu akafanya uani mambo yote aliyofanya darasani, akakata, akavuta, kipande kikaanguka kwa vumbi. Kuku wakaja kuangalia.

"Mzee, mtoto hana kosa," akasema. "Na mama yake hana. Ni mimi niliyefundisha hivyo, na ni mimi niliyemjibu vibaya. Bonde la Ufa la serikali si Bonde la Ufa la ardhi. Ule ufa wenyewe uko mbali, ng'ambo ya milima ya Cherangani, mahali nchi inashuka kwenda Kerio. Kitale iko huku kwetu."

"Huku kwetu vipi?" baba akauliza.

"Upande mmoja. Mwamba mmoja." Akachukua kijiti akachora kwenye vumbi, mlima hapa, Kamukuywa hapa, Kitale hapa, na chini yake mstari mrefu usiokatika. "Huu mwamba wa chini ni mzee kuliko mlima. Haujapasuka hapa katikati. Mtu akitoka Kitale kuja hapa anatembea juu ya jiwe moja."

Nilikuwa nimechuchumaa karibu na vifaranga. Ndipo nilipojua kwamba nimefanya makosa, na kwamba yale makosa yalikuwa mazuri.

Kukhu alikuwa ameinamia ule mchoro. Hakuwa mtu mbaya, Kukhu. Alikuwa tayari kuelewa, tena alielewa vizuri kuliko mtu yeyote pale. Aliufuata mstari kwa macho, akatoka Kitale akafika Kamukuywa, akarudi, akafika tena.

"Sasa, mwarimu," akasema, "kama ni jiwe moja, mbona haji?"

Mwalimu alimtazama baba, baba akatazama mikono yake. Ile sufuria ilikuwa imepinduliwa juu ya uchanja pale pale mbele yetu, tumbo lake limebonyea, jua la jioni limejaa ndani ya lile shimo. Hakuna aliyeitaja. Mwalimu akafuta mchoro wake kwa kiatu, akaaga. Sabuni aliisahau, na Kukhu akaiokota, akaifuta vumbi, tukafulia sare zangu mpaka ikaisha.

Elimu yake ilifika uani kwetu ikaishia hapo. Uchawi una miguu, jiografia haina. Sokoni waliendelea kusema ile ya mkebe, na kila aliyesimulia aliongeza ukucha wake. Yule mama wa ndizi akaacha kupita njia yetu. Mwaka uliofuata Mwalimu Khaemba akahamishwa Bumula. Mawe yake yalitolewa nje kuzibia tope la mlangoni. Nilikwenda mapema asubuhi moja nikalitafuta la mama kati ya viatu vya watu, nikalipata.

Mama hakuja. Nilikua, nikavuta maji, nikafanya mtihani, nikaandika kurasa nzima kuhusu Bonde la Ufa bila kukosea hata mshale. Watu hudhani mimi ni mvivu wa safari, na mimi huwaachia wadhani hivyo maana ni mzaha mzuri, hata mume wangu husema nikifa nitaomba nizikwe jikoni. Ukweli ni kwamba watoto tuliambiwa hivi: ukipotea sokoni usizunguke, simama pale pale ulipoachwa, mama atarudi akukute. Mimi nilisimama. Nimesimama vizuri mno.

Kisha simu ikaja, mwanamke nisiyemjua, ananiuliza kama mimi ni Nafula wa Kamukuywa, mama yangu yuko wodini Kitale na anataja jina langu. Barabara ilikuwa ile ile. Niliangalia dirishani njia nzima, na ingawa nina cheti, nilikuwa natafuta mahali ufa ulipo. Mahindi tu.

Alikuwa mdogo kitandani, mdogo kuliko binti yangu. Alinitazama.

"Umenenepa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Vizuri. Ulikuwa umekonda sana ile siku umebeba mahindi."

Nikamuuliza siku gani. Akapumua kwanza. Alikuwa akiongea kama mtu anayepanda ngazi, anapumzika kila hatua.

"Yule wa ndizi aliniletea maneno, ati mtoto anasema niruke. Sikuelewa. Nikadhani ni kisima. Nikadhani mtoto anataka kuingia kisimani. Nikamwambia Kalasinga, nipe ruhusa, mtoto ana shida. Nikaja siku ya soko. Hata sijashuka vizuri nikasikia wanawake wa mboga wanaongea. Mkebe. Moto. Nikajifunika leso kichwani nikasimama kwa duka la mbolea. Ukapita upande ule mwingine, umebeba mahindi, unaongea peke yako."

"Mbona hukuniita?"

"Wangenichoma, Nafula. Na ungeangalia."

Kati ya duka la mbolea na upande ule mwingine ni barabara tu. Lori likipita linaijaza.

"Nilirudi tena," akasema. "Mara nyingi nilirudi. Nilikuwa nakuona tu. Siku moja ulikuwa na mtoto mgongoni. Nikasema, haya, amefika." Akafumba macho. Kisha akauliza, na sauti yake ikawa na mzaha kidogo, nikajua nilikotoa wangu: "Sasa zile kucha zilikuwa za nini? Nimekaa nalo hilo neno miaka yote."

Nikamweleza. Sabuni, ramani, penseli. Alicheka bila sauti, mabega tu, mpaka muuguzi akaja kuangalia. "Kwa hivyo mimi ni mchawi wa hesabu," akasema.

Nilikuwa nimebeba lile jiwe, sijui kwa nini; nililiweka kwenye mkoba pamoja na chupa ya uji. Nilipolitoa alilishika, akalipitisha kwenye shavu. "Hili langu," akasema. Nikamwosha miguu kwa beseni la wodi, nikamsugua visigino taratibu, vilikuwa vimepasuka nyufa nyingi nyeusi. Kucha zake zilikuwa ndefu, hakuna aliyekuwa amezikata kwa muda. Nikazikata. Zote, za mikono na za miguu. Aliniachia kidole kimoja baada ya kingine kama mtoto wa Jumapili. Nikazikusanya kwenye kitambaa, nikatazama huku na huku kutafuta choo, halafu nikazitia mfukoni.

Hakumaliza wiki.

Nilikwenda kwa baba kuomba azikwe nyumbani. Baba ni mzee sasa, hatoki kwenye kiti chake, Kukhu alishatangulia. Alisikiliza, akasema, "Huyo hapa hana mahari." Mnajua sisi na herufi hizo mbili. Sikujua kama alisema mahali au mahari. Kama alisema mahali, alikuwa anamfukuza kwa mara nyingine. Kama alisema mahari, alikuwa anajisema mwenyewe, maana ni yeye ambaye hakuwahi kupeleka ng'ombe kwao. Nilingoja arudie. Hakurudia.

Tulimzika Kitale, kwenye makaburi ya mji, watu wa kanisa lake na wanawake wawili wa lile duka waliokuja na vitambaa vyeupe vichwani. Nilisimama ukingoni nikaangalia chini, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofundishwa kuangalia shimo. Udongo mwekundu juu, changarawe ya murram chini yake, na mwisho kabisa vijana wa sururu walikuwa wamegonga jiwe, la kijivu, linang'aa vipunje vidogo vidogo kama lina chumvi. Kipande kimoja kilikuwa kimetupwa karibu na mguu wangu. Nikakiokota, na watu wasiponiangalia nikakigusa kwa ulimi. Nalijua. Liko chini ya kisima chetu.

Lile jiwe jeusi nikalitupa kaburini. Jiwe halimshtui mtu. Nilitaka kutupa na zile kucha. Mkono ulikuwa tayari mfukoni. Lakini wale wanawake wa kanisa walikuwa wananitazama, na nilijua wangeona nini, binti wa marehemu akitoa kitambaa, akimwaga kucha juu ya jeneza, na nilijua habari hiyo ingefika wapi kabla yangu. Nikautoa mkono mtupu, nikachukua udongo kama wengine.

Ziko hapa. Nimeziweka kwenye mkebe wa majani ya chai, juu kabisa ya kabati ambapo binti yangu hafiki. Ile jioni ya makaa, alipokwenda kulala, niliushusha nikazipanga kwenye ubao wa dirisha, moja ikishika mkia wa nyingine. Zilifika pale pale zilipoishia mara ya mwisho. Hazijaongezeka.